Kali si Ladha Moja

Katika baa zetu mhudumu ana maswali mawili. La kwanza ni unakunywa nini, na la pili ni "ya moto au ya baridi?" Kwa mgeni asiyejua, bia ya moto haijapita jikoni, ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuingizwa friji. Swali la tatu halipo. Nimekalia viti vya plastiki vya baa za Mwanza, Moshi, Dar es Salaam na sasa Dodoma kwa miaka zaidi ya ishirini, na sikumbuki kumsikia mtu akiuliza bia fulani ina ladha gani. Tunazungumza mpira, ada za shule na viwanja vyenye migogoro. Kinywaji kikitajwa, hutajwa jina na bei, basi.

Anayeagiza ya moto huchekwa, hasa akiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari. Hujitetea kwa habari za kifua na mafua. Ni utetezi dhaifu, ilhali anao ulio bora ambao yeye mwenyewe haujui. Harufu ya kinywaji ni chembe zinazopaa kuingia puani, na baridi huzizuia kupaa. Ulimi nao ukipoa, utamu huusikia kwa mbali. Bia iliyotoka kwenye friji inayokaribia kugandisha ni baridi yenye mapovu. Kilichobaki ni imani. Kwa hiyo mzee wa ya moto ndiye peke yake pale mezani anayeonja alichokilipia. Nisimsifu kupita kiasi, maana ukimuuliza ameonja nini, atakujibu, "Iko vizuri."

Nilianza kulifikiria jambo hili nikiwa Dodoma, katika kikundi chetu cha watu sita kinachokutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wengi wetu tulihamia huku pamoja na mafaili, serikali ilipoamua mwaka 2016 kuutekeleza uamuzi wa mwaka 1973. Uamuzi ule ulikaa kwenye pipa miaka 43, umri ambao mvinyo mwingi haufiki bila kugeuka siki. Tukaishi karibu miaka miwili katika mkoa wa zabibu tukinywa bia zilezile tulizozoea, mpaka jirani mmoja mwenye shamba upande wa Hombolo alipotuuliza kama tunajua mtu wa kununua mchuzi. Tulidhani anauza chakula. Huku mchuzi ni maji ya zabibu zilizokamuliwa, na mkulima aliyekosa mnunuzi wa zabibu hukamua mwenyewe akauza mchuzi, kwa kuwa zabibu mbivu haimsubiri mtu.

Alitueleza mambo ambayo vitabu vya Ulaya havina. Mzabibu wa huko hulala wakati wa baridi. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mwinuko wake unapita mita 1,100, na baridi ya kuulaza mzabibu haipo. Basi mkulima huulazimisha: huupogoa, huunyima maji, kisha akaumwagilia ukaamka. Ndiyo maana huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Zabibu za kiangazi hazinyeshewi zikiwa zinaiva, kwa hiyo sukari yake haichujuki. Nyekundu inayotajwa zaidi ni Makutupora, yenye jina la mahali palipo karibu na mji. Nyeupe ni Chenin Blanc. Kanisa Katoliki lina mkono mkubwa katika historia hii, kwa sababu misa huhitaji divai hata pasipo na mnywaji mwingine.

Tukaamua kuonja. Chupa tatu, zote za zabibu za hapahapa, tukazifunga gazeti ili tusione nembo, tukazipa namba. Tulikuwa tumesoma kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Chumba kinachokusudiwa ni cha nyumba ya mawe huko Ulaya kabla ya mashine za kupasha joto, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chetu mwezi wa Oktoba kilikuwa nyuzi 30, na mvinyo wa nyuzi 30 hunukia spiriti na si kingine. Ukiwa na chupa nyekundu katika nchi ya joto, iweke kwenye friji nusu saa. Waonjaji wa kazi, tulisoma pia, hawamezi, huonja wakatema. Suala la kutema lilijadiliwa katika kikao cha kwanza kwa dakika chache, halikuungwa mkono.

Kila mmoja aliandika alichoonja kwenye karatasi. Karatasi zilipokusanywa, neno "kali" lilikuwa kwenye zote, na liliandikwa kwa chupa zote tatu. Tukaanza kuhojiana.

"Kali vipi?"

"Kali tu."

Baada ya kubanana ikaonekana kwamba mhasibu wetu alimaanisha uchachu, ule unaokunja uso kama ukwaju. Mwalimu alimaanisha kileo chenyewe, moto unaoshuka kifuani. Muuguzi alimaanisha kule kukauka kwa fizi na ulimi. Mimi nilikuwa nasema ni nzuri, kama vijana wanavyosema wimbo fulani ni mkali. Watu wanne, neno moja, hoja nne, na tulikuwa tumeshaanza kukubaliana.

Neno "tamu" lina ugonjwa huohuo, na kwa mvinyo ni mbaya zaidi. Kwa Kiswahili chakula kitamu ni chenye sukari na pia ni kinachopendeza. Pilau tamu haina sukari hata chembe. Sasa mwambie mnywaji kwamba mvinyo fulani si mtamu. Wewe unatoa habari ya sukari, yeye anasikia hukumu. Ndiyo sababu mojawapo, nadhani, iliyofanya mvinyo wa sukari nyingi uitawale meza ya Kitanzania kwa muda mrefu. Mvinyo ambao sukari yake yote imegeuka kileo huitwa "mkavu" na waliosoma, neno lililotafsiriwa kutoka kwingine, na mtu wa kawaida hushangaa kimiminika kinawezaje kuwa kikavu. Bibi yangu angesema "hauna sukari" na mazungumzo yangeendelea.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho kilichokifanya kikundi kidumu: tulilipiga marufuku neno "kali". Anayelitamka ananunua karanga. Kwa kulazimika, maneno yalianza kurudi kutoka vijijini yalikokuwa yamelala. Muuguzi, ambaye ni wa Tanga, alikuja na ukakasi. Ni ile hali ya ndizi mbichi na ya bibo la korosho, mdomo unapokazwa kama umepakwa chokaa. Katika mvinyo mwekundu ukakasi hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu; una kemikali zinazoshikana na protini za mate na kuuondolea mdomo utelezi. Kwa hiyo ukakasi si ladha hasa, ni mguso. Kiswahili kilikuwa na neno lake muda wote, tena neno ambalo ukilitamka tu mate yanakauka.

Ugwadu ulifuata, uchachu wa tunda lisiloiva. Kisha chapwa, kinywaji kisicho na nguvu ya kuudai ulimi, kama mchuzi uliosahauliwa chumvi. Kwa vileo vilivyokenekwa tukapata kukereketa, ambalo ni tendo la kooni na halina uhusiano na kichwa. Konyagi, kwa mfano, ina asilimia 35 ya kileo. Jina tulilitohoa kutoka mji wa Ufaransa uitwao Cognac, ingawa ya kwetu ni nyeupe na ya kule ni ya kahawia. Ukiinywa haraka inakereketa. Ukiipa muda kwenye glasi, mwalimu anasema, ina kitu cha ngozi ya limau. Sikukipata, lakini nimeacha kubishana na mwalimu.

Mwaka 1984 mtafiti Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha na wenzake gurudumu la harufu za mvinyo, duara lililogawanywa kuanzia katikati kwenda nje: tunda, kisha tunda la aina gani, kisha lipi hasa. Lengo lilikuwa kuwaondoa watu kwenye maneno kama "wa kiungwana", wakasema kitu ambacho mwenzao anaweza kukinusa. Ni kazi njema. Shida ni kwamba matunda yake mengi ni ya vichaka vya nchi za baridi ambayo sisi tumeyaona kwenye picha za jamu. Mtu wa Dodoma akisema mvinyo wake unanukia tunda ambalo hajawahi kulishika, anasoma, haonji. Sisi tukachora duara letu kwenye boksi la maji: zambarau, ubuyu, ukwaju, mabungo, pera, ndizi mbivu, asali ya nyuki wadogo, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, moshi wa kuni. Zambarau peke yake imetuokoa mara nyingi, kwani ina rangi ya mvinyo mwekundu, ina utamu, ina ukakasi, na kila mmoja wetu amewahi kupigwa kwa kuchafua nayo shati la shule.

Pengine tuna faida kubwa kuliko tunavyodhani. Bia ya ngano ya kusini mwa Ujerumani husifiwa kwa harufu mbili zinazotengenezwa na hamira yake, nazo ni ndizi na karafuu. Kiswahili kimekua katikati ya vyote viwili. Pipa la mwaloni linalolaza wiski na mvinyo nalo hutoa eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mpemba asiyewahi kugusa kileo maisha yake yote angeitambua kwa kunusa kizibo, na angekuwa amesema kweli zaidi ya wengi wanaokunywa.

Hilo si mzaha. Rafiki yetu wa sita ni Msabato kutoka Mara. Hanywi. Anakuja kwa sababu ana gari na ndiye anayeturudisha majumbani, na kwa uchovu wa kukaa bure na tangawizi yake alianza kunusa glasi zetu. Sasa ndiye tunayemwogopa. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hufanyika puani. Mwenye mafua akila ugali na nyama ni kama amekula ugali mara mbili. Ile ramani ya shuleni iliyoonyesha utamu ncha ya ulimi na uchungu nyuma si sahihi, ulimi huonja ladha zote kila upande. Msabato hakupoteza chochote kikubwa kwa kutomeza, na mpaka chupa ya tatu anakuwa na akili ambazo sisi tumeshazitumia.

Kiburi tulikidhibiti kwa njia nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Tuliposoma hayo tulicheka sana. Mwezi uliofuata mhasibu aligawa mvinyo uleule kwenye chupa mbili zilizofungwa gazeti bila kutuambia, na watatu kati yetu tukaipa namba mbili alama nzuri kuliko namba nne. Nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa pia nimeandika sababu.

Desemba moja mhasibu alitualika kwao Rombo, msimu ambao Wachaga wote hukumbuka njia ya nyumbani. Pale niliona kwamba tulichokuwa tunakibuni Dodoma kwa magazeti na karatasi kilikuwapo zamani bila magazeti. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewa, ambalo kazi yake ni uchungu. Kipimo cha gome hakiandikwi popote. Mama mwenye pombe alionja kwanza mbele yetu, kama desturi inavyotaka, ili mgeni aone kwamba hakuna baya lililowekwa. Kisha kata ikamfikia mzee mmoja, akanywa, akanyamaza, akafuta mdomo.

"Mama, leo msesewa umeupakua kwa koleo."

"Kunywa, meku. Ya juzi ulisema ina utamu wa watoto."

"Ya juzi ilikuwa changa. Hii imekomaa, lakini imekasirika."

Mazungumzo hayo yalichukua robo saa. Watu watatu zaidi waliingia, mmoja akilaumu ndizi, mwingine akisema tatizo ni ulezi uliocheleweshwa kusagwa. Mama aliwajibu wote akiwa anamimina. Hakuna aliyesema "kali".

Mwalimu, ambaye ni wa Njombe, hakutaka Kilimanjaro ibaki na heshima peke yake. Kwao ulanzi hugemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Ncha hukatwa, utomvu ukadondokea kwenye chombo cha mwanzi. Wa leo ni mtamu na hata mtoto hupewa. Ukikaa, unachachuka na kupata nguvu, na uliokomaa una jina lake, mkangafu. Mnywaji wa kule akiagiza hutaja umri wa kinywaji. Wafaransa wanaotaja mwaka wa mavuno wanafanya jambo hilohilo kwa saa iendayo polepole.

Halafu kuna tembo la mnazi. Babu yake muuguzi alikuwa mgema, akipanda asubuhi na jioni kuchonga karara na kuteremsha kibuyu. La asubuhi ni tamu, la jioni limeshaamka, la kesho yake lina ubishi, na baada ya hapo ni siki ya kachumbari. Kutoka kazi hiyo tumepata methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shuleni tulifundishwa kwamba inahusu majivuno. Isome kwa jicho la mnywaji. Inadai kwamba mnywaji anamjua mgema kwa sura, amekuwa akitoa maoni kwa sauti mpaka mgema akayasikia, na siku maji yalipoingia, ulimi wake uliyakuta. Bila mambo hayo matatu methali haiwezi kuzaliwa.

Chupa ya kiwandani iliyafuta yote matatu, na sisemi hivyo kwa kuilaumu. Kuifanya bia ya Mwanza ilingane na ya Arusha, mwezi baada ya mwezi, ni ufundi mkubwa kuliko tunavyoukubali. Lakini kisichobadilika hakizungumzwi. Mbege hujadiliwa kwa sababu ya leo si ya jana. Bia hainywewi kwa majadiliano kwa sababu jibu lilishatolewa kiwandani. Tulipoacha kuwa na la kusema kuhusu kilichomo ndani, tukageukia karatasi iliyobandikwa nje. Vikaja viroba, vileo vikali vya pakiti ndogo za plastiki, na mwendo ukakamilika: unang'ata kona, unakamua, unatupa. Ulimi haukuhusishwa. Serikali ya Tanzania iliviondoa sokoni kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu za afya na mazingira, na sijakutana na mtu aliyevililia kwa ajili ya ladha.

Ulimi una mipaka yake pia, na hapa naomba tusitaniane. Methanoli, sumu inayopofua na kuua, mnywaji hawezi kuitenganisha na kileo cha kawaida kwa kuonja wala kunusa. Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya, katika kaunti kadhaa, kwa vinywaji vilivyochanganywa nayo. Wanywaji wale hawakukosa ujuzi wa ladha. Gongo ya mtu usiyemjua haionjwi, inaachwa.

Mvinyo wa Dodoma ndio unaonipa hamu zaidi sasa, kwa sababu uko katikati: ni chupa, lakini bado unabadilika. Msimu wa Machi si msimu wa Septemba, na mkulima yuko umbali wa safari moja ya bodaboda. Sheria ya ushuru huupa nafuu mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, hatua nzuri kwa mkulima, ila ushuru haumfundishi mtu kusema ukakasi. Mwaka jana tulimpelekea jirani yetu wa Hombolo karatasi zetu kuhusu mvinyo aliokuwa anajaribu kuutengeneza nyumbani. Tulikuwa tumeandika kwamba ni chapwa na unanukia mpira. Alisoma, akauliza mpira wa tairi au wa ndala. Tukamwambia ndala. Akanyamaza kidogo, akaenda kuangalia bomba la plastiki alilolitumia kuhamishia mchuzi.

Kikao kijacho ni mwisho wa Septemba, zabibu za kiangazi zikiwa zinamalizika shambani. Chupa tatu zinawatosha watu sita, na vikombe vya chai vinafaa kama glasi hamna. Ukija kwetu au ukianzisha cha kwenu, funga chupa yako gazeti, njoo na dereva, na usitutajie bei mpaka tumalize kuandika.